Acha Kusema Hutawahi Tumia Kwadratiki

Mwaka jana nilitoa video ya sekunde 30. Nimevaa sweta yangu ya shule, niko kwa kibanda cha mama mboga, nimeshika sukumawiki namuuliza, "Na hii ni x ngapi?" Halafu nageukia kamera: "Miaka minne nilikuwa natafuta x. Tangu nimalize shule hakuna mtu ameniuliza kama niliipata."

Manze hiyo video ilienda. Mpaka leo ndiyo imetazamwa kuliko zangu zote. Ilizunguka kwa magrupu, hadi wazee wa familia wakanitumia bila kujua ni mimi.

Leo nimekuja kusema nilikosea. Si ati nilikosea kidogo. Nilikosea kabisa, na kuna mtu alilipia hilo kosa.

Kasin wangu alikuwa Gredi ya 9. Huyu ni yule mtoto alifungua redio ya shosho kwa bisibisi, akaitandaza yote kwa meza, akairudisha na ikaimba. Kila mtu kwa familia alijua anaelekea STEM. Nikaenda kwa shangazi Disemba nikasikia amechagua Sayansi ya Jamii. Sasa usinielewe vibaya, sina shida na Sayansi ya Jamii, kuna watu wanaipenda kwa roho yao yote. Lakini yeye hakuwa anaenda mahali. Alikuwa anatoroka mahali. Kwa mfumo huu mpya, ukienda STEM unafanya hesabu ya Core, wengine wanafanya ya Essential. Yeye alikuwa anatoroka Core.

Nikamuuliza, kwani kuliendaje? Akanijibu bila hata kuinua macho kwa simu: "Si hata wewe bro ulisema hakuna mtu hutumia hizo vitu?"

Niliishiwa na maneno. Mimi, mtu wa kuongea.

Kwa hivyo wacha tuongee. Na nikisema tuongee, tutashika kalamu pia, maana hii stori ya "hesabu ni muhimu katika maisha" tumeambiwa tangu Darasa la 1 na hakuna mtu hutuonyesha.

Kwanza, tulivyofunzwa

Mimi ni wa 8-4-4. Kwadratiki nilikutana nayo Fomu 2, tukagawanya tukafurahi. Ikarudi Fomu 3, mwanzo kabisa wa mwaka, imekuja na fomula. Mwalimu aliandika ile fomula ndefu ubaoni, tukaiimba darasa zima kama wimbo wa taifa, tukaandika kwa jalada la ndani la kitabu, mchezo ukaisha. Hakuna mtu aliuliza imetoka wapi. Ilishuka tu kutoka mbinguni.

Halafu grafu. Kama ulifanya KCSE unajua ile swali ya alama 10. Jaza jedwali. Chagua skeli. Weka nukta. Chora mkunjo uwe laini, na ole wako utumie rula kuunganisha nukta. Kisha tumia grafu yako kupata x. Hiyo swali nilikuwa naipenda, si uongo, kwa sababu ilikuwa alama za bure. Mkono wangu ni mzuri. Lakini ungeniuliza huo mstari uliopinda unasema nini, ningekuambia unasema alama 10.

Hapo ndipo shida iko. Nilijua kuuchora, sikujua kuusoma. Ni kama mtu anaweza kunakili barua nzima kwa mwandiko safi na hajui imeandikwa nini. Halafu mtu kama huyo anatoka nje na kutangazia dunia kwamba barua hazina maana. Huyo mtu ni mimi na ile sweta yangu.

Tisheti zilinifunza

Baada ya ile video kuenda, watu walianza kuniuliza tisheti. Nikatengeneza. Zimeandikwa kifuani: X ITAFUTWE NA MWENYEWE. Tisheti tupu natoa Eastleigh, naprintisha River Road, moja ikikamilika imenila 400.

Mwezi wa kwanza niliuza 600. Zikaenda 40. Faida 200 kwa kila moja, jumla 8,000. Nikaona mimi ni mfanyabiashara.

Tamaa ikanishika. Mwezi wa pili nikapandisha hadi thao moja. Si watu wananipenda? Zikaenda 8. Nane tu. Faida 600 kwa kila moja, jumla 4,800. Kwa hasira nikataka kuangusha bei hadi 500 ndio watu warudi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikachukua karatasi. Nikajiambia: nikipandisha bei kwa 400, nimepoteza watu 32. Yaani kila 50 ninayoongeza, watu 4 wanatoka. Hayo ni makadirio, watu si mashine, lakini ndiyo nilikuwa nayo.

Sasa ukiita x idadi ya mara nimeongeza 50, faida kwa tisheti moja ni 200 + 50x. Wanunuzi ni 40 − 4x. Faida yote ni hizo mbili zikizidishwa:

(200 + 50x)(40 − 4x)

Fungua mabano, utapata:

8,000 + 1,200x − 200x²

Nikaangalia hiyo x² nikahisi baridi. Ni yeye. Ni yule nilimcheka. Amenipata kwa nyumba, saa tano usiku, na si mwalimu amemtuma.

Nikajaza jedwali, kama zamani:

Bei 400: wanunuzi 56, faida 0
Bei 500: wanunuzi 48, faida 4,800
Bei 600: wanunuzi 40, faida 8,000
Bei 750: wanunuzi 28, faida 9,800
Bei 900: wanunuzi 16, faida 8,000
Bei 1,000: wanunuzi 8, faida 4,800
Bei 1,100: wanunuzi 0, faida 0

Chora hiyo kitu. Bei chini, faida kando. Unapata kilima: kinapanda, kinafika kilele, kinashuka vile vile kilivyopanda. Na kila sehemu ya hicho kilima inakuongelesha.

Kilele kiko 750. Hapo ndipo pesa iko nyingi zaidi. Ukipita hapo kwa tamaa unashuka, ukirudi nyuma kwa woga unashuka.

Angalia 500 na 1,000. Faida ni ile ile, 4,800. Hiyo bei ya hasira ningeweka ingenipa pesa sawa tu na ile ya tamaa, tofauti ni kwamba ningeprinti tisheti 48 badala ya 8. Ningebeba mizigo mara sita zaidi kwa pesa ile ile. Ni wangapi mtaani wanafanya hivyo saa hii, wanateremsha bei wakidhani wanasaidia biashara, kumbe wako upande wa pili wa kilima wanavuja jasho bure?

Na zile sehemu mbili kilima kinagusa sifuri, hizo ndizo mizizi. Ndiyo hizo x tulikuwa tunatafuta miaka yote. Chukua 8,000 + 1,200x − 200x² uiweke sawa na sifuri, gawanya kila kitu kwa hasi 200, inabaki x² − 6x − 40 = 0. Tafuta namba mbili zikizidishwa zinatoa hasi 40, zikijumlishwa zinatoa hasi 6. Ni hasi 10 na 4. Kwa hivyo (x − 10)(x + 4) = 0, na x ni 10 au hasi 4.

Darasani, ukipata jibu hasi unaambiwa "hiyo itupe", unaandika mstari unaendelea. Wacha tuiulize kabla tuitupe. x ikiwa hasi 4 maana yake nimeshusha bei mara nne kwa 50. Yaani nimefika 400. Hiyo ni bei ya kutengeneza. Nauza 56 na sibaki na kitu. Hilo jibu hasi lilikuwa linaniambia mahali sakafu ya biashara yangu iko, na shule ilinifunza kulikata na kalamu nyekundu.

Kuna ingine. Nikajiuliza, na nikitaka 12,000 kwa mwezi? Weka 12,000 hapo, panga vizuri, unapata x² − 6x + 20 = 0. Sasa kumbuka ile sehemu ya fomula iko ndani ya kipeuo, b² − 4ac. Hapa ni 36 toa 80. Hasi 44. Hakuna namba ya kawaida ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hasi. Darasani tungeandika "haina jibu" tukageuza ukurasa. Kwa biashara inamaanisha: buda, hiyo ndoto haipo kwa hii bei na hawa wateja. Tafuta wateja zaidi au punguza gharama. Kuna watu wanalipa mshauri aje awaambie hivyo.

Mwezi wa tatu nikaweka 750. Niliuza 26. Grafu ilikosea kwa tisheti mbili. Faida 9,100, na sikuwa nimetumia chochote ila karatasi na kitu nilikuwa nimekicheka mbele ya watu.

Haya, na kama huuzi kitu?

Najua kuna msee ashasema, "Mimi sina biashara." Sawa. Unapanda matatu?

Dereva akiona kitu mbele, kuna umbali anaenda kabla mguu ugonge breki, na kuna umbali gari inaenda breki ikishagongwa. Tuseme anachukua sekunde moja kushtuka. Tuseme breki zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Ni makadirio tu, gari ikijaa na lami ikilowa mambo yanaharibika zaidi. Kama mwendo ni v, kwa mita kwa sekunde, umbali wote wa kusimama ni:

v + v²/10

Hiyo v² ndiyo inaua watu. Ukienda mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, unasimama kwa mita 20. Ongeza mwendo mara mbili, mita 20 kwa sekunde, utasimama kwa mita 60. Mwendo umeenda mara mbili, umbali umeenda mara tatu, na ile sehemu ya breki peke yake imeenda mara nne. Kichwa chako kinafikiria kwa mstari ulionyooka. Gari haifikirii hivyo.

Sasa mtoto ametokea barabarani, mita 60 mbele. Ni mwendo gani wa juu kabisa dereva angekuwa nao ndio asimame bila kumgusa? Andika v + v²/10 = 60. Zidisha kwa 10:

v² + 10v = 600

Jibu ni v = 20. Kilomita 72 kwa saa. Umesimama hapo hapo, mtoto anakuangalia.

Na kama dereva alikuwa na 80? Hiyo ndiyo mwisho wa sheria kwa magari ya abiria hapa Kenya, ile ya vidhibiti mwendo vya Michuki mwaka 2004. Hesabu inasema atahitaji karibu mita 72. Lakini mtoto ako 60. Ukimalizia hesabu, gari itamfikia ikiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Tofauti kati ya kusimama na hiyo ni kilomita 8 kwa saa. Na hapo bado hatujaongea yule wa kuenda 100, ambaye anahitaji mita 105.

Mimi nimekaa kwa hizo matatu za Thika Road nikisema "dere ongeza, nimechelewa." Nikiwa na alama zangu 10 za grafu kichwani. Hakuna mtu aliniambia ni kitu kimoja.

Na hiyo fomula haikushuka kutoka mbinguni

Hii ndiyo imeniuma zaidi kujua nikiwa mtu mzima. Watu wa Babeli walikuwa wanafanya maswali ya aina hii kwa vibao vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita. Halafu kwa karne ya 9, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lina neno al-jabr. Ndiyo hiyo aljebra. Swali moja maarufu la hicho kitabu, kwa herufi zetu za leo, ni x² + 10x = 39. Yeye hakuwa na x. Alitumia maneno na michoro.

Ebu chora na mimi. Mraba wenye upande x. Hiyo ni x². Ile 10x, igawanye mara mbili: mistatili miwili, kila mmoja urefu x na upana 5. Bandika mmoja kulia, mwingine chini. Vyote pamoja ni 39. Sasa angalia: umbo lako karibu liwe mraba mkubwa, lakini kona moja haipo. Hiyo kona ni 5 kwa 5. Yaani 25. Ijaze. 39 na 25 ni 64. Mraba wa 64 una upande wa 8. Toa 5 uliyobandika, inabaki 3. x ni 3.

Ndiyo maana inaitwa kukamilisha mraba. Kuna mraba kweli! Kona inakosekana kweli! Nilifanya "kukamilisha mraba" Fomu 3 muhula mzima, nikigawanya b kwa mbili nikiizidisha kwa yenyewe kama mtu anafuata mganga, na hakuna siku nilichorewa mraba.

Sasa rudi kwa matatu: v² + 10v = 600. Ni mchoro ule ule. Kona ni 25. 600 na 25 ni 625. Upande wa mraba wa 625 ni 25. Toa 5. Inabaki 20. Umepata mwendo wa kutomgonga mtoto kwa kujaza kona moja. Na ile fomula ndefu tulikuwa tunaimba? Ni huo mchoro tu, mtu amefanya mara moja kwa herufi a, b na c ndio usirudie kila siku.

"Lakini simu inasolve"

Ndio, inasolve. Piga picha ya v² + 10v = 600, simu itakupa 20 na hasi 30 kabla umalize kupiga chafya. Lakini simu haikukaa kitandani saa tano usiku ikagundua kwamba shida ya tisheti ni kwadratiki. Hiyo ni kazi ya mtu. Kugeuza maisha kuwa mlinganyo, halafu kugeuza jibu kuwa uamuzi, hizo pande mbili bado ni zako. Ile ya katikati ndiyo simu inaweza, na bahati mbaya hiyo ya katikati ndiyo peke yake tulifunzwa.

Sitawarushia walimu mawe. Mwalimu ako na darasa limejaa, silabasi inamkimbiza, na mtihani hauulizi mkunjo unasema nini, unauliza kama nukta ziko mahali pake. Lakini mwalimu, kama unasoma hii: tafadhali, dakika kumi tu. Chora mraba kabla ya fomula. Na wakishapata x, waulize, "Kwa hivyo?" Usiwaache wakate jibu hasi kabla hawajaliuliza limetoka wapi.

Na wewe uko Gredi ya 10 au Fomu 3: usichague maisha yako kwa kuogopa herufi moja. Chagua Sayansi ya Jamii kwa sababu unaitaka. Chagua sanaa kwa sababu inakuita. Usichague chochote kwa sababu msee fulani mtandaoni, mwenye sweta, alikuambia huku hakuna kitu. Yeye mwenyewe hakuwa amefika huku.

Na sisi tunaotoa video: utani wa x ni rahisi, nimeula, najua utamu wake. Lakini kuna mtoto ako na bisibisi mkononi anatuangalia.

Ile video nimeitoa. Kasin wangu nimemtumia swali la mita 60, bila maelezo. Alikaa siku mbili kimya. Ya tatu akanitumia picha ya mraba amechora kwa kalamu ya risasi, kona amepaka rangi, na chini ameandika: "Kwani hii ndio ilikuwa inatusumbua?" Sijui kama atabadilisha njia, hiyo ni yake na shangazi. Lakini sasa akikataa, atakuwa anakataa kitu amekiona.

Na wewe usiende hivi hivi. Rudi kwa tisheti zangu. Nataka faida ya 9,000 kamili kwa mwezi. Niuze bei gani? Majibu ni mawili, na yote yanafanya kazi. Yapate, kisha uniambie ungechagua gani, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo alama 10.